Picha ya Zefe

Picha ilikuwa imefungwa kwa gazeti. Mselem aliibeba kifuani kwa mikono miwili kutoka Usagara hadi nyumbani kwa Badr, akiwakwepa wenye baiskeli utadhani amebeba trei ya mayai. Ilikuwa picha kubwa, imekuzwa kwenye duka moja la mjini kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na chombo cha kukuzia, na imetiwa fremu na kioo. Mselem alikuwa mpiga picha wa njiani. Hakuwa na duka wala pazia lililochorwa bustani. Alikuwa na kamera moja kuukuu ya Kijerumani, ya kukunjua, na mdomo mtamu wa kuwafanya wapita njia wasimame. Lakini leo hakwenda kuuza. Badr alikuwa mkwewe, baba yake Taimur, na Taimur angemuoa Sabiha binti Mselem mwezi uliokuwa ukija, Mfungo Saba. Picha ilikuwa zawadi.

Badr alimpokea sebuleni. Alikuwa mtu wa asili ya Oman, mwenye minazi Kigombe na maneno machache, lakini alipofungua gazeti akajiona yeye mwenyewe mbele ya zefe la Maulidi, yale maandamano ya matari na kasida, joho begani na bendera mkononi, uso wote ulimfunguka.

"Wallahi huyu mie! Mselem, mikono yako ina baraka. Tazameni, jamaa, tazameni!"

Wageni wawili watatu walisogea. Msumari ukatafutwa, picha ikatundikwa palepale juu ya kiti cha Badr, na Mselem akamiminiwa kahawa, akaketi kama mkwe anavyoketi. Mwaka ule wa hamsini na sita hapakuwa na picha iliyopendwa Tanga kama ile. Kila aliyekuwa kwenye zefe akajiona humo alitaka nakala yake ndogo, na Mselem, ambaye kwa kawaida alibembeleza watu, kwa mara ya kwanza alibembelezwa yeye.

Mzee Jumbe, msimamizi wa mashamba ya Kigombe, alibaki amesimama ukutani. Alikuwa na tabia ya kutazama kitu mpaka akimalize. Aliwataja watu mmoja mmoja, huyu fulani, huyu fulani, huyu Maalim Haji, Mungu amrehemu, maana Maalim alikuwa amefariki juma moja tu baada ya Maulidi. Kisha kidole chake kikapanda kidogo juu ya kofia ya Maalim.

"Na huyu mwali dirishani, wa nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

Mselem aliinuka na kijikombe mkononi. Nyuma ya zefe palikuwa na nyumba, na katika nyumba mlango wa mbao uliopakwa rangi nusu, na kando ya mlango dirisha, na katika dirisha Sabiha. Hakuwa na mtandio. Nywele zilikuwa zimefumuliwa, uso umepakwa liwa ya msandali mashavu yote mawili, meno nje kwa kicheko. Mtoto wa kike aliyewekwa ndani anangoja harusi, asiyepaswa kuonekana na mwanamume yeyote mpaka siku yake, alikuwa ametundikwa ukutani kwenye sebule ya wanaume, nyumbani kwa baba mkwe wake.

Ilitokeaje? Kwa ujinga ule unaotokana na kujua kazi. Kamera ya Mselem ilikuwa imechoka. Mwendo wa haraka wa kufyatua ulikuwa umekufa, umebaki wa polepole, ndiyo maana daima aliwaambia watu watulie wasipumue. Kupima mwanga alipima kwa jicho. Siku ya Maulidi hakutaka kubahatisha, basi akaenda kusimama kwenye baraza la jirani, ng'ambo ya nyumba yake mwenyewe, maana mwanga wa pale saa zile aliujua kama anavyoijua chumvi ya mchuzi wa mkewe. Alitazama bendera. Dirisha lake mwenyewe hakulitazama. Nani hutazama dirisha lake? Zefe likapita, waliokuwa wakitembea wakatoka na ukungu kidogo, na yule mmoja aliyesimama ametulia, ameduwaa kwa utamu wa matari, akatoka safi kuliko wote. Katika nakala ndogo uso wake haukupita ukucha wa kidole cha mwisho, jicho likimpita. Kukuzwa ndiko kulikomtoa, na ile kubwa ilishafungwa gazeti Mselem alipoichukua dukani.

Badr hakuuliza kitu. Ule mlango aliujua, alikuwa ameupigia hodi siku ya posa. Aliinuka, akaitungua picha, akaiegemeza chini, uso wake ukitazama ukuta.

"Ahsante, Mselem," alisema. "Nenda nyumbani. Kombo atakuja."

Hakumwita mkwe. Kahawa ilikuwa bado ya moto, na Mselem hakujua kama aiweke au ainywe, akatoka nayo mpaka mlangoni, ikabidi arudi kukiweka kijikombe mbele ya wageni wote.

*

"Nimetoka kidogo tu!" Mwatumu alikuwa akilia. Yeye ndiye somo wa Sabiha, aliyekabidhiwa mwali tangu alipoingizwa ndani. "Nimekwenda uani kusaga liwa. Liwa ilikuwa imekwisha, Saleha, wewe mwenyewe wajua."

"Nani kakulaumu?" alisema Saleha, mkewe Mselem. "Zefe lapita mlangoni, matari yalia, mtoto kachungulia. Hata mie nimechungulia."

"Weye hukutundikwa sebuleni kwa watu," alisema Mselem.

"Na kamtundika nani?"

Mselem akageukia pazia. Walikuwa ukumbini, na pazia la chumba cha mwali lilikuwa hatua chache tu kutoka alipoketi. Nyuma ya pazia Sabiha alikuwa akisikia kila neno. Tangu awekwe ndani baba yake hakuwa amemtia machoni, ndiyo ada yao, na sasa Mselem aliwaza kwamba mara ya kwanza kumwona mwanawe baada ya siku zote zile imekuwa kwenye ukuta wa watu.

"Baba," sauti ilitoka ndani. "Niwie radhi."

"Nyamaza, mwanangu," alisema Saleha haraka. "Kosa si lako."

Mselem alitamani kusema vivyo hivyo, lakini aliinuka akaenda kusimama barazani.

Kombo, mshenga, alifika baada ya alasiri. Alikuwa mtu mwema, mfupi, na kazi yake ya kupeleka maneno ya watu ilimfanya azungumze kama anayekanyaga matope. Alikataa maji. Hapo Saleha akajua.

"Mzee Badr hakumsema vibaya mtoto," Kombo alianza. "Nataka mjue hilo. Yuasema, mtoto ni mtoto. Ila picha, Mselem. Picha iko kwa watu. Kila mwanamume aliyetembea kwenye zefe anayo, anaweza kulala chali kitandani mwake akimtazama mke wa Taimur. Wewe ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi. Yuasema zikusanywe. Zote, na filamu yake, zichomwe mbele yangu mie kabla ya sala ya Ijumaa. Yake ameshaichoma. Zikiisha zote, harusi iko palepale. Ikibaki hata moja..." Kombo akakuna kidevu. "Mimi natumwa tu, dada Saleha. Msinitazame hivyo."

*

Kesho yake asubuhi Mselem alitoka na mfuko wa kikapu. Aliowauzia aliwakumbuka wote. Mpiga picha wa njiani hasahau uso, na kwa mara hii aliilaani kumbukumbu yake.

Alianzia kwa fundi cherehani aliyekuwa jirani. Fundi alikuwa ameibandika picha juu ya cherehani yake kwa gundi ya unga.

"Naitaka ile picha, fundi. Nitakurudishia pesa yako."

"Kwani ina nini?"

"Imeharibika. Dawa niliyosafishia ilikuwa mbovu. Itageuka njano."

"Ikigeuka nitakuambia," alisema fundi. Kisha, kwa kuwa hakuna binadamu anayeambiwa kitu kina kasoro akaacha kukitazama, alisogeza uso karibu. Alitazama sana. "Ah! Huyu! Kumbe ni mtu? Mie siku zote nadhani ni doa." Akageuka. "Mselem, hapa si kwako?"

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Watu ambao tangu Maulidi hawakuwa wameona kitu ila nyuso zao wenyewe, sasa, kwa sababu mwenyewe alikuja kuomba, waliiona. Wengine walimpa kwa huruma, na huruma yao ilichoma. Mwuza kahawa alimpa huku akisema kwa sauti, mbele ya wateja, kwamba yeye ana mabinti watatu na anajua uchungu wake. Kijana mmoja alikataa mpaka aahidiwe kupigwa picha tatu nyingine bure, amekaa, amesimama, na akiwa juu ya baiskeli. Mselem aliahidi. Mwingine aliitoa picha mfukoni ikiwa imekunjwa kwenye pochi, akaitazama tena kidogo kabla ya kumkabidhi, na Mselem alingoja mkono umenyooshwa, baba wa mtu, mpaka yule alipomaliza kutazama.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, Usagara nzima ilikuwa ikijua kwamba mwali wa Mselem yumo kwenye picha ya Maulidi. Habari ikavuka hadi Nguvumali. Wasiokuwa na picha waliulizana nani bado anayo. Mimi huwashangaa watu wa mji: wangeweza kunyamaza, isingewagharimu kitu.

Jioni alikitua kikapu mbele ya Saleha, kimefunikwa kanga. Zilikuwepo zote ila moja.

"Ya Maalim Haji," alisema. "Niliipeleka kwake mwenyewe siku mbili kabla hajafa. Alicheka sana."

"Mjane yumo edani," alisema Saleha.

"Ndiyo. Mie siwezi kuingia. Nimesimama mlangoni leo nikashindwa hata kupiga hodi."

 Saleha aliinuka, akachukua mkasi kwenye kapu la ushoni, akautia chini ya buibui lake.

*

Shamsiya, mjane wa Maalim, alikuwa ameketi juu ya mkeka, amejifunga nguo nyeupe. Miezi minne na siku kumi angekaa hivyo, hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu yake. Picha ilikuwa mbele yake, imeegemezwa kwenye chetezo cha ubani. Wanawake waliokuja kumpa pole walikuwa wameishika sana, pembe zake zimelegea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua lililokuleta. Wamenieleza wote." Alimsogezea picha. "Tazama."

Saleha alikuwa hajaiona. Alisikia tu. Aliichukua, akamwona Maalim katikati, mzee mfupi, mdomo wazi kwenye kasida, na juu yake mwanawe Sabiha akicheka. Moyo wake, badala ya kuona haya kama alivyotarajia, ulifurahi kwa kitambo. Mtoto alikuwa mzuri. Hakuwa amejua kama mwanawe ni mzuri kiasi kile.

"Tumekaa pamoja miaka arubaini," alisema Shamsiya. "Hakupata kupigwa picha. Akisema ni israfu. Hii ndiyo aliyopigwa bila kuulizwa. Usiku nikifumba macho, Saleha, sura yake yaanza kunitoka, unajua? Pua naikumbuka, macho siyakumbuki. Basi naiangalia."

"Sitaki kuichukua, mama. Nataka nimkate mwanangu tu. Maalim nitakuachia."

"Mkate. Mie nataka mume wangu tu, mwali wa watu nimfanyie nini?"

Saleha alitoa mkasi. Aliigeuza picha huku na huku. Kidevu cha Sabiha kilikuwa kimekaa juu ya kofia ya Maalim, hakuna nafasi kati yao hata ya kupitisha uzi. Ukimkata mtoto unaondoka na kofia na paji la uso. Ukiiacha kofia, mdomo unaocheka unabaki. Alijaribu kupitisha ncha ya mkasi kwa kuzunguka, polepole, anavyokata kola, akafika ukingoni mwa kofia, akasimama hapo.  Shamsiya alikuwa akiutazama mkasi kama mtu anayetazama mwanawe akidungwa sindano.

"Tungempaka wino usoni," alisema mjane mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Wino watoka ukisuguliwa. Watasema hivyohivyo."

"Watasema."

Saleha aliirudisha picha penye chetezo. Alipotoka nje, Mselem alikuwa akingoja kwenye kona, kofia mkononi. Alimtazama mikono.

"Nimeshindwa," alisema mkewe. "Usiniulize."

*

Zilichomwa uani Alhamisi asubuhi, mbele ya Kombo. Mselem aliitupa filamu mwenyewe, ikajikunja na kuwaka kwa pupa, ikanuka vibaya. Kombo alisimama mbali na moshi. Moto ulipolala alikohoa.

"Na hizi ndizo zote?"

Usiku kucha Saleha alikuwa amemwambia mumewe aseme ndizo. Nani atahesabu? Uongo wa kumsitiri mtoto si dhambi kubwa. Mselem alikuwa amekubali.

"Ndizo zote," alisema.

Kombo alitazama majivu. Alionekana mtu anayetaka kuondoka na jibu hilo, na kwa kweli alijaribu. Alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Kisha akarudi.

"Mselem, bibi Hamdiya, dadake Badr, kaenda kwa mjane kutoa pole. Jana baada ya magharibi. Kaiona."

"Iko edani!" Saleha alipaza sauti. "Mwanamume gani anaingia mle? Waiona wanawake tu, Kombo. Muulize Badr, kuna haramu gani wanawake kumwona mwanamke?"

"Nimemuuliza, dada. Nimemuuliza hayohayo. Yuasema eda itakwisha. Wanawe Maalim wataitundika picha ya baba yao, na haki yao. Utawazuia?"

"Basi na aende Badr mwenyewe akamnyang'anye mjane!" alisema Mselem. "Anaweza? Yeye aliyemzika Maalim, aliyeshika jeneza mbele? Aende!"

"Hawezi," alisema Kombo. "Kaniambia hawezi. Hata weye hukuweza. Hakuna anayeweza, ndugu yangu. Lakini mwana ni wake, na harusi ni yake."

"Na Taimur? Taimur mwenyewe yuasemaje?"

"Taimur asema babake ndiye ajuaye."

 Kombo aliomba radhi mara nyingi, zaidi ya ilivyohitajika, kisha akasema kwamba nje yuko mchukuzi. Mchukuzi alikuja na mkokoteni kulichukua sanduku la vitu vya bibi harusi lililotoka kwa Badr. Lilikuwa limeletwa kwa vigelegele, mtaa mzima ukitazama, ndani doti za kanga, kitambaa cha hariri, viatu na chupa za manukato. Sasa mtaa mzima ulitazama tena likitoka. Wanawake walisimama milangoni. Mchukuzi hakuweza kulipakia peke yake, basi Mselem akashika upande wa pili, akamsaidia kulipandisha, kwa sababu lingeanguka na kumwagika, na hilo lingekuwa zaidi.

Mwatumu alipanga vifaa vyake vya usomo kwenye kitambaa, jiwe la liwa, vitana, chupa ya mafuta. Alimkumbatia Saleha, akaenda zake akijifuta macho kwa ncha ya buibui.

*

Ijumaa Mselem hakwenda kuswali msikiti wa mtaani. Alikwenda wa mbali, akarudi, akaketi ukumbini. Kamera ilikuwa juu ya kabati na hakuwa na nia ya kuigusa, ingawa alijua Jumatatu ataigusa. Wangekula nini? Yule kijana wa baiskeli alikuwa ameshauliza picha zake tatu.

Pazia likasogea, Sabiha akatoka. Liwa ilikuwa imeoshwa, nywele zimesukwa mafundo mawili, mtandio kichwani. Ada ilikuwa imekwisha, hapakuwa na harusi ya kumngoja ndani, kwa hiyo alitoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Aliketi mkekani, mbali kidogo. Saleha alikuwa jikoni, wakamsikia akiacha kukuna nazi.

"Baba, hiyo picha ikoje?"

Mselem hakutegemea swali hilo. Alikuwa amejiandaa kwa kilio.

"Unaitakia nini?"

"Kila mtu kaiona. Fundi kaiona, mwuza kahawa kaiona, watu wa Nguvumali wameiona. Mie ndiye sijaiona." Alikuwa akifumua ukindu mmoja wa mkeka. "Mie sijapata kupigwa picha."

Ilikuwa kweli. Filamu ilikuwa ghali, na Mselem aliyewapiga picha watu wasio na idadi, walevi, vinyozi, mabaharia wa meli za mkonge, hakuwahi kumpotezea mwanawe hata moja. Alikuwa akingoja harusi. Alikuwa amepanga ampige siku hiyo, ameketi, na mkono umetiwa hina.

"Nimezichoma," alisema.

"Na filamu?"

"Na filamu."

Sabiha aliitikia kwa kichwa kama aliyekwisha jua.  Kisha akauliza tena, kwa upole, kama vile yeye ndiye mzazi:

"Nilitokaje?"

Mselem alifungua mdomo. Alitaka kumwambia nywele zilivyokuwa, na macho, na kicheko kilivyokuwa, na akagundua kwamba hajui. Mara zote alizoishika picha ile alikuwa ameitazama kwa haya na kwa haraka, akatafuta kosa, akaona kosa.

"Umetoka vizuri," alisema.

Ndilo neno alilomwambia kila mteja aliyekuja kuchukua picha yake, tangu Sabiha hajazaliwa. Msichana alilijua, alikuwa amelisikia mlangoni utoto wake wote. Alimtazama baba yake, akamwonea huruma.

"Ahsante, baba," alisema, kisha akainuka akarudi chumbani, ingawa sasa hapakuwa na mtu wa kumzuia asitoke.